Picha ya Dawa na Mafigo ya Mama



Kuko siku munganga anamwambia mama: "Picha ya kawaida haitoshi. Sharti tukutie dawa katika mushipa, kisha tupige picha." Mama anaitika. Lakini njiani anasikia maneno mengine. Mumoja anamwambia: "Dawa ile inaua mafigo." Mwingine anasema: "Shemeji yangu walimutia dawa ile, hakukojoa tena." Basi mama anarudi nyumbani na ugonjwa wake, ao anakwenda na woga na hasemi kitu wakati anapoulizwa. Njia hizi mbili zote ni mbaya. Maneno yale hayakutoka bure, kuko ukweli ndani yake. Lakini ukweli ule ni mudogo kuliko woga, na mama mwenyewe anaweza kufanya mengi ili mafigo yake yasiumie.

Juu ya nini wanatia dawa?

Nuru ya mashini ya radio inapita katika nyama, inazuiwa na mufupa. Ndiyo sababu mufupa unaonekana mweupe juu ya picha. Lakini figo, mishipa ya damu na njia ya mukojo hazionekani vizuri, sababu zote ni nyama na maji. Kitu kinachoweza kuzionyesha ni iodi, ile ile inayotiwa kidogo kidogo katika chumvi ya jikoni ili watu wasiote uvimbe wa shingo. Katika mwaka 1923 huko Marekani, wanganga waliona kwamba wagonjwa wa kaswende waliopewa dawa yenye iodi, mukojo wao unaonekana juu ya picha. Dawa ile ya kwanza ilisumbua mwili sana. Katika mwaka 1929, munganga Moses Swick, Mumarekani aliyefanya kazi Berlin, alisaidia kuleta dawa iliyofaa zaidi. Tangu miaka ya 1970 zimeanza kutengenezwa zingine, laini zaidi kwa mwili, na hizo ndizo zinazotumiwa zaidi leo.

Wakati dawa inaingia, mama anasikia joto linapita mwilini mote, na mara nyingine linashuka chini kama kwamba amejikojolea. Anaweza kusikia ladha ya chuma kinywani. Asiogope, inapita kwa dakika chache tu.

Si kila picha iko na dawa hii. Ekografi haina nuru ya radio na haihitaji iodi. Dawa nyeupe kama chokaa, ile ya kunywa ili tumbo lionekane, haiingii katika damu na haiumizi mafigo. Na wamama wanaotafuta mimba, wanaotiwa dawa kwa njia ya chini ili mirija ionekane, ni kidogo sana tu inayofika katika damu yao. Picha ile iko na sheria zake zingine: isipigwe mama akiwa na mimba, wala akiwa na ugonjwa wa chini usiopona.

Namna figo inavyoumia

Kila mutu iko na mafigo mawili, nyuma ya tumbo, karibu na mbavu za chini, kila moja kubwa kama ngumi. Kwa siku moja yanachuja karibu lita 180 za maji kutoka katika damu. Maji karibu yote yanarudishwa mwilini, na kinachobaki, lita 1 ao 2, ndicho mukojo. Dawa ya picha karibu yote inatoka kwa njia hii. Mutu mwenye mafigo mazima, nusu ya dawa imekwisha kutoka kwa masaa 2 hivi, na kesho yake karibu yote imemalizika. Haikai mwilini kwa miezi, kama wengine wanavyosema.

Inapopita, inafinya mishipa midogo iliyo ndani katikati ya figo, fasi ambayo hata siku za kawaida inapata hewa kidogo tu kutoka kwa damu. Tena inachokoza ngozi laini ya mifereji ya figo. Kama maji ni mengi, inapita mbio na figo inapumua. Kama mwili umekauka, inakawia pale ndani, nzito kama uji. Wamama wanaofua nguo mutoni wanajua jambo hili. Wakati wa mvua sabuni inakwenda mara moja. Wakati wa kiangazi maji yamebaki kidogo, na povu linakaa fasi moja mpaka jioni.

Katika mwaka 1954 wanganga waliandika habari ya mugonjwa, mwenye kansere ya ndani ya mifupa, ambaye mukojo wake ulikatika nyuma ya kutiwa dawa ya picha. Sasa musikilize desturi ya wakati ule, iliyoendelea miaka mingi: mugonjwa alikatazwa maji tangu jioni, na alipewa dawa ya kuharisha, ili mukojo uwe muzito na picha iwe wazi. Picha ilikuwa nzuri, na figo ndiyo iliyolipa. Hata leo kuko fasi ambapo mugonjwa anaambiwa asiweke hata tone la maji kinywani tangu usiku. Tutarudi kwa jambo hilo.

Lazima kusema vilevile kwamba zamani hatari ilihesabiwa kubwa kupita kiasi. Kila figo iliyoharibika nyuma ya picha, walisema ni dawa. Lakini mutu anayepelekwa haraka kupigwa skanere mara nyingi ni mugonjwa sana tayari: ametoka damu nyingi, ao usaha umeingia katika damu, ao ametapika siku tatu. Figo yake ingeweza kuumia hata bila dawa. Wanganga walipolinganisha wagonjwa waliotiwa dawa na wale waliopigwa skanere bila dawa, waliona shida ya mafigo katika vikundi vyote viwili. Katika mwaka 2020 wanganga wa picha na wanganga wa mafigo wa Marekani waliandika shauri moja pamoja: watu wa kuchungwa hasa ni wale ambao nguvu ya mafigo yao imeshuka chini ya 30 (kijana muzima iko karibu na 100), na wale ambao figo yao inaumia sasa hivi. Mama mwenye mafigo mazima na maji ya kutosha mwilini, hatari yake ni ndogo sana.

Kwa hiyo, kama picha inatafuta kitu cha kuokoa uzima, kuikataa juu ya mafigo ni kukimbia nyoka na kuingia katika moto.

Mama anayevuja mukojo

Hapa tukae kidogo, sababu wamama hawa wanasahauliwa.

Kuko mama ambaye, nyuma ya kuzaa kwa taabu siku mbili ao tatu, ao nyuma ya kupasuliwa, mukojo unavuja bila kukoma, muchana na usiku. Munganga anataka kujua: tundu liko katika kibofu? Ao ni mufereji unaotoka figoni ndio umekatwa, ao umefungwa na uzi wa kushonea? Mara nyingi picha ya dawa ndiyo inaonyesha jambo hilo, na bila kulijua, munganga anaweza kushona tundu moja na kuacha lingine.

Lakini mama huyu anafikaje ku hospitali? Ameacha kunywa maji zamani, ili nguo zisilowe na watu wasimukimbie. Kama anatoka Kamituga kwenda Bukavu, safari ya siku nzima ao zaidi wakati barabara ni mbaya, hanywi hata kidogo, sababu kamio halisimami kila fasi na haya ni nyingi. Anafika na midomo mikavu, na mukojo wake una rangi ya chai nzito. Na kama mufereji umefungwa, figo ya upande ule imekwisha kuanza kuharibika, pengine bila maumivu yoyote. Huyu ndiye mama wa kuchungwa kuliko wengi.

Mama yangu, maji hayaongezi tundu. Mukojo mwepesi hauchomi ngozi ya mapaja kama ule muzito, na harufu yake ni ndogo. Kunywa nyumbani, kunywa njiani, funga kitambaa kingine. Na mwambie muuguzi kwamba umekuwa unajinyima maji. Hatakucheka. Afazali akupumzishe siku moja na kukunywesha, kisha picha ipigwe kesho.

Wengine wa kuchungwa ni mama mwenye ugonjwa wa sukari ambaye mafigo yake yameanza kuchoka, mwenye tansio ya miaka mingi, mwenye moyo dhaifu, bibi muzee, na mama aliyepata kifafa cha mimba ao aliyetoka damu nyingi wakati wa kuzaa siku si nyingi. Mutoto anayehara na kutapika vilevile. Kama si jambo la haraka, mutoto arudishiwe maji kwanza: katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visijae kwa kilima. Kipimo cha dawa ya picha kwa mutoto kinafuata uzito wake, basi mukumbuke kuleta karatasi yake ya kupimwa.

Sema, usifiche

Mara nyingi mazungumuzo yanakwenda hivi:

"Mama, iko ugonjwa wa mafigo, ya sukari, ao ya tansio?"

"Hapana, niko muzima. Mugongo tu ndio unaniuma."

"Na juu ya mugongo unakunywa nini?"

"Vile vidonge vya soko. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mavuno ya maharagi."

Hapo muuguzi amepata jambo kubwa. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa sokoni ni diklofenaki ao ibuprofeni, na hivi vinafinya mishipa ya figo kama dawa ya picha inavyofinya. Viwili pamoja, katika mwili mukavu, ndipo hatari inapokomaa. Inafaa kuviacha siku mbili ao tatu mbele ya picha na vilevile nyuma yake. Kama maumivu ni makali, parasetamoli inafaa zaidi. Sindano za jentamisini nazo zinachosha mafigo, na miti ya kienyeji ya kuharisha, ao ya kutiwa kwa njia ya nyuma, inakausha mwili. Leta mufuko wa dawa zote unazokunywa, hata ile unayoona haya kuonyesha. Dawa za tansio usiache kwa akili yako, uliza munganga kwanza.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayekunywa metformini asikie neno moja. Kidonge hiki hakiumizi figo. Lakini kama figo inasimama, kinajaa katika damu na kuleta sumu nyingine. Kwa mwenye mafigo dhaifu kinasimamishwa siku ya picha, na kinarudishwa nyuma ya masaa 48, wakati damu imepimwa na mafigo yako sawa.

Kama unafikiri pengine uko na mimba, sema mbele ya kuingia katika chumba cha radio. Mara nyingi ekografi inaweza kujibu swali lile lile. Na kama picha ya dawa ni ya lazima na ulikwisha kupigwa, umwambie muzalishaji siku ya kuzaa, ili tezi ya shingo ya mutoto ipimwe, sababu iodi nyingi inaweza kuisumbua.

Kipimo cha damu

Mu labo watatafuta kitu kinaitwa kreatinini. Ni uchafu unaotoka katika nyama ya mwili, na figo inautupa kila siku. Ukijaa katika damu, figo imechoka. Kwa mama muzima mara nyingi iko kati ya 0,5 na 1,1 miligramu katika desilita. Ikipanda kutoka 0,8 mpaka 1,6 watu wanasema "ni kidogo tu", kumbe karibu nusu ya nguvu ya mafigo imepotea. Tena mama aliyekonda na njaa iko na nyama kidogo mwilini, basi kreatinini yake inaweza kuonekana nzuri na mafigo yake yamechoka. Ndiyo sababu munganga hatazami namba moja tu, anahesabu pamoja na umri wa mama.

Maji

Tunarudi sasa kwa jambo la kufunga maji. Kwa picha nyingi za namna hii, maji masafi yanaweza kunywewa mpaka masaa 2 mbele yake. Kama umeambiwa ufunge maji usiku kucha, uliza: "Hata maji?" Kama ni mutoto atakayelazwa na dawa ya usingizi, ao kama kuko operesheni, fuata amri ya muuguzi bila kubadilisha.

Mama asiye na uvimbe wala ugonjwa wa moyo anywe vizuri siku ya mbele, na siku ya picha kopo moja karibu kila saa, mpaka mukojo uwe mweupe kama maji. Jumla ya lita 2 kwa siku ni kipimo kizuri. Lakini mama aliyevimba miguu na anayepumua kwa shida asifuate shauri hili, maji mengi yanaweza kumuzamisha. Yeye apewe kipimo na munganga.

Wale ambao mafigo yao ni dhaifu sana wanatiwa serumu ya chumvi katika mushipa, kwa kawaida kuanzia saa moja mbele ya picha, na kuendelea masaa 3 mpaka 12 nyuma yake. Serumu hii ni ya bei ndogo, na mpaka leo hakuna dawa iliyoishinda. Kwa miaka mingi hospitali nyingi duniani ziliongeza unga wa asetilisisteini. Katika mwaka 2018 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa karibu 5000 wa Marekani na inchi zingine tatu: unga ule haukusaidia kitu, na serumu ya bikaboneti haikupita ile ya chumvi. Kwa hiyo jamaa wasiuze mbuzi juu ya kununua dawa ya kulinda figo. Na vidonge vya kukojoza havioshi dawa ya picha, vinakausha mwili tu.

Upande wa wanganga, wao watatumia dawa kidogo inayotosha, na hawatarudia picha ya pili ndani ya siku 2 ao 3 kama si jambo la haraka. Lakini munganga wa picha ya pili pengine hajui ya kwanza, kama ilipigwa fasi nyingine. Ni wewe utamwambia.

Nyuma ya picha

Saa ya kwanza, angalia kama ngozi inawasha, kama uso unavimba ao pumzi inakatika. Haya ni mambo mengine, mwili unakataa dawa, na muuguzi aitwe palepale. Aliyepatwa hivi mara moja aseme kila mara nyingine. (Yule ambaye samaki zinamuletea upele asijizuie, mambo ya samaki na dawa hii hayaendani.)

Figo iliyoumia haipigi kelele siku ya kwanza. Kreatinini inapanda kwa siku 2 ao 3, inafika juu karibu siku ya 3 mpaka ya 5. Kwa hiyo mama mwenye hatari asirudi kijijini kesho yake. Abaki karibu na hospitali mpaka damu ipimwe tena nyuma ya masaa 48 mpaka 72. Tunajua kulala mujini kunaomba feza, na mashamba yanangojea. Hata hivyo siku hizi tatu ndizo za maana.

Jamaa wapime mukojo katika kopo ao chupa moja iliyotengwa. Kama muchana kutwa haukujaza hata glasi mbili, kama uso na miguu inavimba asubuhi, kama mugonjwa anatapika bila kukoma, analala sana ao anachanganya maneno, ao pumzi ni fupi, warudi mara moja, hata usiku.

Ku hospitali watasimamisha kila dawa inayochosha mafigo, watapima maji yanayoingia na yanayotoka, na watatafuta kama mufereji umezibwa. Hapo musimulazimishe mugonjwa kunywa makopo mengi kwa huruma: figo iliyofungwa haitoi maji, yanapanda katika mapafu. Vilevile ndizi, maharagi na sombe zinaweza kukatazwa siku chache, sababu zina chumvi ya namna nyingine inayosumbua moyo wakati figo haifanyi kazi. Wengi wanapona. Kreatinini inashuka kwa juma moja ao mawili, bila dawa nyingine. Wachache wanahitaji mashini ya kusafisha damu, inayopatikana katika miji mikubwa tu, kwa bei kali.

Wamama wanaonyonyesha wanauliza kila mara: "Nikamue maziwa niyatupe?" Hapana. Chini ya sehemu moja katika mia ya dawa inaingia katika maziwa, na tumbo la mutoto linaitika chini ya sehemu moja katika mia ya hiyo. Nyonyesha siku ile ile. Zamani walisema kungojea masaa 24, na matiti yalijaa, mutoto alilia bure. Mama anayeona moyo wake hautulii anaweza kungojea siku moja kama mutoto iko na chakula kingine kizuri, lakini si lazima.

Karatasi ya picha, yenye jina la dawa, kipimo chake na siku, ichungwe katika mufuko mumoja na karatasi ya mutoto, pamoja na namba ya kreatinini ya mbele na ya nyuma. Muganga wa kesho ataiomba.